Si vumbi peke yake: hali ya hewa ya Dodoma na safari ya chavua

Nyuma ya ukuta wa nyumba ninayopanga hapa Nkuhungu kuna kiwanja ambacho mwenyewe hajakiendeleza, na minyonyo imejiotea humo bila kuomba kibali. Mmoja umerefuka hadi kuupita ukuta, mashada yake yanainamia upande wetu, juu ya kamba ya nguo. Ukilitazama shada kwa karibu utaona maua ya namna mbili: juu yako majike yenye vinyuzi vyekundu, chini yapo madume, vifundo vya manjano iliyofifia. Siku moja ya Agosti, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, niliyagonga yale madume kwa kidole. Hakikutoka kitu, kidole kilirudi kimelowa umande. Saa nne nikarudi, nikagonga shada lilelile. Safari hii kikatoka kimoshi cha manjano, kikaelea kidogo, kisha upepo ukakichukua kuelekea kwenye shuka za jirani yangu.

"Kaka, hilo dude linakuhusu nini?" akaniuliza. Kabla sijajibu akapiga chafya tatu mfululizo. "Hili vumbi la Dodoma litatumaliza," akasema, akaendelea kuanika.

Vumbi la Dodoma limebebeshwa kesi nyingi, na mimi sijaja kulitetea, linakera kweli. Lakini ndani ya hewa hiyohiyo kuna chavua, ungaunga wa kiume wa mimea, na hali ya hewa haiitendei chavua kama inavyolitendea vumbi. Vumbi halina saa. Upepo ukivuma linaruka, upepo ukitulia linatua. Chavua lazima kwanza itengenezwe, kisha mfuko wake ufunguke, kisha inyanyuliwe, isafirishwe, mwisho iangushwe. Kila hatua ina bwana wake, na mabwana hao hawapatani. Ndiyo maana mtu mmoja atakwambia mvua ikinyesha anapumua vizuri, na mwingine atakuapia kwamba mvua ndiyo iliyomlaza hospitali. Wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli.

Kwanza tuwaachie huru wasio na hatia

Mkrismasi ukiwaka maua mekundu mwisho wa mwaka, watu wanaupita wameziba pua. Mjakaranda nao hivyohivyo, na mwembe ukichanua wengi wanasema ndio unaowaletea mafua. Miti hii inaonewa. Mti wenye ua la kuvutia, harufu na asali unaajiri wadudu, ndege au popo wafanye kazi ya kubeba chavua. Chavua yake ni nzito na inanata, ili ishike mwilini mwa nyuki. Mbuyu unafungua maua yake usiku kwa ajili ya popo na nondo. Migunga, ambayo ndiyo sura ya nchi yetu kutoka Chamwino mpaka Bahi, hufunga chavua yake katika vifurushi, mara nyingi punje 16 zimeshikana pamoja. Kifurushi kama hicho hakiendi mbali kwa upepo.

Wa kuwaangalia ni wale ambao maua yao huyaoni. Mvinje, msaiprasi, msindano, mtende, mvule, mforosadi, na huyu mnyonyo wetu. Hawana rangi, hawana harufu, hawana asali, kwa sababu hawamtafuti mtu, wanategemea upepo. Na upepo haulengi. Mti unaotaka chavua yake ifike kwenye ua jike moja lililo mbali hauna njia nyingine ila kumwaga kwa mamilioni, na zilizobaki zote zinakwenda zinakokwenda, ikiwemo puani mwako.

Lazima niongeze jambo moja, nisije nikaonekana nimeishitaki miti peke yake. Katika nchi ya mbuga kama yetu nyasi nazo ni watoaji wakubwa wa chavua ya hewani, pamoja na mchicha pori, uwele na mahindi yakishatoa mbelewele. Tofauti ni kwamba nyasi huchanua mvua ikiwa imekolea, ilhali miti mingi ya nchi kavu huwahi, ikatoa maua mwishoni mwa kiangazi kabla tone la kwanza halijadondoka. Chavua ya miti inakutana na joto na upepo; chavua ya nyasi inakutana na matope. Hilo pekee linabadilisha hadithi nzima.

Deni la mvua iliyopita

Dodoma inapata mvua ya milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Mamlaka ya Hali ya Hewa inauita msimu huo kwa jina hilohilo, Msimu, kuutofautisha na Vuli na Masika za wenzetu wa pwani na kaskazini. Tuko nyuma ya milima ya mashariki, Ukaguru na Rubeho, ambayo inazikamua pepo za baharini kabla hazijatufikia. Kwa hiyo kila milimita ina maana.

Mti haufanyi uamuzi wa kuchanua siku unapochanua. Vichomozo vya maua hutengenezwa wiki au miezi kabla, kwa maji yaliyohifadhiwa ardhini na chakula kilichohifadhiwa kwenye shina na mizizi. Mvua ikiwa nzuri Januari hadi Machi, mti una akiba ya kutumia kiangazi. Ikikatika mapema, unabana matumizi, kama sisi mwishoni mwa mwezi. Hivyo ukitaka kujua mwaka huu hewa itakuwa na chavua ya miti nyingi au kidogo, kutazama upepo wa leo hakutakusaidia sana. Tazama mvua iliyokwisha.

Wajapani wanalijua jambo hili kwa uchungu. Baada ya Vita Kuu ya Pili walipanda msitu mkubwa wa mti mmoja uitwao sugi ili wapate mbao za kujenga nchi. Miti ikakua, ikakomaa, ikaanza kumwaga chavua. Kuanzia miaka ya 1960 madaktari wakaanza kuripoti mafua ya mzio yanayotokana nayo, na leo zaidi ya theluthi moja ya Wajapani wanaugua. Kule utabiri wa chavua unasomwa kwenye televisheni pamoja na utabiri wa mvua, na watabiri wanaangalia kiangazi cha mwaka uliotangulia: kikiwa na joto na jua kali, maua dume ya sugi yatakuwa mengi, na mwaka unaofuata watu watalia machozi.

Nalisema hili kwa sababu tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa dhati, kutoka mwaka 2016, mji huu unapandwa miti kwa kasi, na ni jambo jema sana kwa anayekumbuka jua la Mtumba kabla ya kivuli. Lakini mpanda miti huuliza mti utakua haraka kiasi gani na utakunywa maji kiasi gani. Sijasikia wengi wakiuliza unachavushwa na nani, nyuki au upepo.

Kwa nini saa nne

Sasa turudi kwa mnyonyo wangu, maana fumbo lake ndilo lililonifanya niandike. Shada lilelile, kidole kilekile. Alfajiri hakuna kitu, saa nne kuna moshi. Kilichobadilika ni ukavu wa hewa.

Chavua imo ndani ya vifuko vidogo. Ukuta wa kifuko umejengwa kwa tabaka mbili zisizokauka kwa kasi moja. Upande mmoja unaponywea kuliko mwingine, ukuta unajikunja na kupasuka, kama ganda la njegere lililoachwa juani. Hewa ikiwa na unyevu, kifuko kinabaki kimefumba. Hewa ikikauka, kinafunguka. Mnyonyo unaongeza mbwembwe: kifuko chake kikipasuka kinairusha chavua nje. Mforosadi umemshinda. Stameni yake, yaani kijiti cha ua dume kinachobeba chavua, huwa imekunjwa kama mtego wa panya, na ukavu ukifyatua mtego inanyooka kwa muda wa mikrosekunde 25 hivi (sehemu 25 za milioni za sekunde moja), kwa mwendo unaozidi nusu ya mwendo wa sauti. Ni miongoni mwa miondoko ya kasi kuliko yote iliyowahi kupimwa kwa mimea, na inatokea juu ya mti ambao watoto wanapanda kuchuma matunda.

Mtu anaweza kuuliza: Dodoma kiangazi ni kikavu siku nzima, sasa huo unyevu wa alfajiri unatoka wapi? Hautoki popote. Hewa baridi ina nafasi ndogo ya kubeba mvuke, hewa ya moto ina nafasi kubwa. Chukua asubuhi ya nyuzi joto 15, hewa imejaa mvuke kwa asilimia 90. Hewa hiyohiyo, bila kuongezwa wala kupunguzwa tone, ikipashwa na jua hadi nyuzi 28 inakuwa imejaa kwa asilimia 40 tu. Mvuke ni uleule, chombo ndicho kilichopanuka. Na kwa sababu hapa kwetu usiku na mchana wa kipupwe hupishana kwa nyuzi nyingi kuliko Dar es Salaam, ukaukaji wa asubuhi ni wa ghafla. Vifuko vinafunguka kwa pamoja, ndani ya saa mbili tatu. Pwani, ambako hewa hubaki na unyevu karibu siku nzima, kazi hiyo inasuasua.

Chamchela

Kufunguka si kuruka. Kitu kidogo kama chavua kinakuwa kimeshikwa na utando mwembamba wa hewa iliyotulia juu ya ua, na upepo mwanana unaweza kupita juu yake usikiguse. Kinachoing'oa chavua ni mtikisiko: upepo wa kushtukiza, tawi kuyumba, kidole cha mtu asiye na kazi.

Na mtikisiko Dodoma haukosekani. Kuanzia Julai hadi Oktoba pepo za kusini-mashariki zinavuma karibu kila siku. Juu ya hizo kuna kitu kingine ambacho kila mtoto wa hapa anakijua: chamchela. Ardhi iliyo wazi inachemka saa sita mchana, hewa iliyo juu yake inakuwa nyepesi na kupanda, hewa ya pembeni inakimbilia kujaza nafasi, na ikipata kajimzunguko kadogo, mnara wa vumbi unasimama katikati ya uwanja wa mpira na kubeba mifuko ya plastiki hadi angani. Wazee walituambia tusiingie ndani yake. Mimi niliingia, nikatoka na macho mekundu na kipigo. Lakini chamchela ni kile tu kinachoonekana kwa sababu ya vumbi. Hewa ya namna hiyo inapanda kila mahali penye jua kali, kimyakimya, na chavua inapanda nayo.

Matokeo yake yanapingana na tunavyodhani. Saa saba mchana, jua likiwa kali kuliko wakati wote, chavua puani kwako inaweza kuwa imepungua, kwa sababu imesambazwa kwenda juu, kilomita moja au zaidi, ikachanganyika na hewa nyingi. Daktari mmoja Mwingereza aitwaye Charles Blackley, ambaye mwenyewe alikuwa anaugua, alirusha tiara zenye vioo vilivyopakwa kitu cha kunata, na kitabu chake cha mwaka 1873 kinaeleza kwamba juu angani alinasa chavua nyingi kuliko chini.

Jioni mambo yanageuka. Jua likizama, anga likiwa halina wingu, ardhi ya Dodoma inapoa haraka kuliko hewa iliyo juu yake. Hewa baridi, nzito, inalala chini, na ile ya vuguvugu inakaa juu yake kama mfuniko. Utauona mfuniko huo kwa moshi: majiko ya mkaa ya saa moja usiku yanatoa moshi unaopanda kiasi cha urefu wa paa, halafu unatandaa na kugoma kuendelea. Chavua iliyokuwa imepanda mchana inashuka polepole, na ile iliyo chini haina pa kutokea. Mtu anayepiga chafya saa nne asubuhi na tena saa mbili usiku, mchana kutwa akiwa salama, anafuata ratiba hii ya hewa hata kama hajui kwamba ipo.

Inafika wapi?

Tupige hesabu kidogo. Punje ya kawaida ya chavua ya upepo ina upana wa maikromita 30 hivi. Ukizipanga 33 kwenye mstari unapata milimita moja. Punje kama hiyo hewani inaanguka kwa sentimita mbili hadi tatu kila sekunde. Tuseme mbili na nusu. Ikiachiwa kutoka juu ya mvinje wenye urefu wa mita 10, itatumia sekunde 400 kufika chini, karibu dakika saba. Upepo ukiwa wa mita tano kwa sekunde, ambao kwetu Septemba ni upepo wa kawaida wa kugongesha madirisha, punje hiyo itakuwa imetembea kilomita mbili. Na hapo nimedhania haikukutana na hewa inayopanda. Ikikutana nayo, hesabu inavunjika.

Linganisha na mahindi. Punje ya chavua ya mahindi inakaribia maikromita 90, inaanguka kwa sentimita 25 hivi kwa sekunde, na inatoka kwenye kimo cha mita mbili. Sekunde nane imeshatua. Kwa upepo wa mita tatu kwa sekunde haijavuka mita 25. Ndiyo maana anayekohoa shambani kwake Kongwa wakati wa mbelewele ana haki ya kulilaumu shamba lake mwenyewe, lakini aliyeko mjini hawezi kuyalaumu mahindi ya Kongwa.

Msindano ndio uliotia fora. Punje yake ni kubwa, lakini ina vifuko viwili vya hewa pembeni, kama mtoto aliyevaa maboya, na inaelea. Chavua ya misindano imewahi kunaswa baharini mamia ya kilomita kutoka nchi kavu. Kwenye mashamba ya miti ya Sao Hill kule Mufindi, miti ikichanua unaweza kuona utepe wa manjano ukingoni mwa madimbwi baada ya mvua. Bahati nzuri chavua hiyo, pamoja na wingi wake wote, haisababishi mzio kwa watu wengi.

Mvua: inaosha, na wakati mwingine inapasua

Mvua ya kunyesha kwa utulivu ni fagio zuri. Tone likishuka linazoa punje lilizokutana nazo, na punje kubwa kama chavua zinazolewa kirahisi kuliko moshi. Papo hapo unyevu unavifumba vifuko ambavyo havijafunguka. Saa moja ya mvua ya namna hii na hewa inakuwa imeoshwa. Ila vifuko vilivyofumba havikufa. Kesho yake jua likiwaka, vinafunguka na mzigo wa siku mbili. Mgonjwa aliyefurahia jana anashangaa leo.

Mvua ya radi ni kitu kingine. Fikiria mwanzo wa Desemba, mchana wa joto la kuchosha, wingu jeusi linajikusanya. Dakika kumi kabla ya tone la kwanza unakuja ule upepo wa baridi tunaoujua, unasukuma ukuta wa vumbi jekundu mbele yake, akina mama wanakimbilia nguo na mahindi waliyoanika. Upepo huo ni hewa iliyoporomoka kutoka ndani ya wingu. Ikigonga ardhi inatandaa pande zote na kukomba kila kilicho chini. Wakati huohuo chavua iliyovutwa juu na wingu inakutana na unyevu mwingi, inafyonza maji, inavimba na kupasuka. Ndani ya punje moja hutoka mamia ya vichembe vya wanga, vidogo mno. Punje nzima ni kubwa, pua huizuia kabla haijafika mbali. Vichembe hivi vinapita pua, vinapita koo, vinafika kwenye mapafu, na ule upepo wa baridi unavishusha usawa wa uso wako.

Tarehe 21 Novemba 2016, jambo hili liliukumba mji wa Melbourne, Australia. Ilikuwa siku ya joto, chavua ya nyasi ikiwa nyingi hewani, kisha dhoruba ya radi ikapita jioni. Maelfu ya watu walikimbilia hospitali wakishindwa kupumua, na watu 10 wakafariki. Wengi hawakuwa wamewahi kuambiwa kwamba wana pumu. Walijua tu kwamba wana mafua ya kila msimu. Si kila radi inafanya hivyo. Inahitaji chavua iwe nyingi siku hiyohiyo na watu wenye mzio wawe nje. Lakini mwenye pumu hapa kwetu akiuona ule ukuta wa vumbi unakuja, asisimame barazani kuutazama. Aingie ndani, afunge madirisha, na pampu yake iwe karibu.

Vumbi linarudi mahakamani

Niliposema silitetei vumbi nilikuwa na sababu. Ganda la nje la chavua ni gumu ajabu. Wanasayansi wanachimba matope chini ya Ziwa Tanganyika na kukuta maganda ya maelfu ya miaka, wakayasoma kujua misitu ya zamani ilikuwaje. Chavua iliyotua uani kwako wiki iliyopita bado ipo, imechanganyika na vumbi, na upepo au ufagio unainyanyua upya. Bibi zetu waliokuwa wananyunyizia maji kabla ya kufagia walikuwa wanajua wanachofanya, hata kama walichokuwa wanakilenga ni vumbi.

Lakini mwilini vitu hivi viwili vinafanya kazi tofauti. Vumbi linakwaruza na kukausha. Ukiondoka kwenye vumbi, nafuu inakuja haraka. Chavua inaichokoza kinga ya mwili, na kinga ikishachokozwa haitulii mara moja: kamasi jepesi kama maji, chafya za mfululizo, macho yanawasha, wengine hadi kaakaa linawasha. Homa hakuna. Na hujirudia majira yaleyale kila mwaka, jambo ambalo mafua ya kuambukiza hayafanyi kwa nidhamu hiyo. Kifua kikianza kubana au kupiga miluzi, hapo ni kwa daktari, si kwa duka la dawa la mtaani.

Jirani yangu nilimweleza haya yote, akasikiliza kwa subira kuliko nilivyostahili. Kamba tukaihamishia upande wa pili wa ua, ule unaopata upepo kabla haujapita kwenye mnyonyo. Mwenye kiwanja naye tukampigia simu, akaahidi kutuma vijana wafyeke, na kwa kweli aliwatuma. Walikuja Septemba, asubuhi kavu yenye upepo, wakaanza na ule mrefu. Ilikuwa saa nne kasorobo.